Ukingo wa kofia: majibu kwa barua zenu kuhusu meno yaliyovishwa

Tangu niandike juu ya meno yenye nyufa, barua nyingi zilizonifikia zinazunguka jambo moja: kofia ya jino, yaani ganda gumu linalovishwa kufunika jino lililodhoofika. Wapo wanaoiita taji, wapo wanaosema krauni. Kwenye chumba changu cha matibabu tunasema kofia, na hapa nitashika neno hilo. Nimechagua barua sita, nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Haliumi, kwa nini nilivishe?

"Shikamoo Dokta. Gego langu la chini lilitibiwa mzizi miezi mitano iliyopita, likazibwa. Tangu siku hiyo haliumi kabisa na ninalitafunia. Daktari wangu anasisitiza niwekewe kofia. Mimi naona ni kulichokoza jino lililotulia. Unasemaje?"

Marahaba. Utulivu wa jino hilo usikupe moyo sana. Mshipa uliokuwa ukikupigia kelele ndio uliotolewa wakati wa matibabu ya mzizi. Likianza kupasuka leo, huenda usipate habari mpaka limeshagawanyika.

Wengi wameambiwa kwamba jino lililotibiwa mzizi hukauka likawa kama kijiti. Sababu kubwa ni nyingine, na ni rahisi kuiona. Uozo ulishakula ukuta mmoja au miwili. Kisha daktari, ili aifikie mizizi, akatoboa paa la jino. Kilichobaki ni kuta nyembamba zinazozunguka shimo lililozibwa. Magego ndiyo yanayobeba mzigo mzito kuliko meno yote, na kila unapotafuna, vilele vya jino la juu vinaingia katikati ya lile la chini kama kabari inavyoingia kwenye gogo.

Nilimpokea mzee mmoja aliyeiahirisha kofia miezi minane kwa hoja hiyohiyo yako. Alikuja akisema jino "linacheza kidogo". Niliweka ncha ya kifaa katikati nikasukuma taratibu, na nusu ya upande wa shavu ikasogea peke yake, nusu ya upande wa ulimi ikabaki palepale. Damu kidogo ikachomoza kwenye ufa. Ufa ulikuwa umeshuka chini ya ufizi mpaka kwenye mzizi. Matibabu ya mzizi yenyewe yalifanywa vizuri sana, ungeitazama eksirei yake ungeyasifu. Nililing'oa.

Kofia inafanya kazi ya pete ya chuma kwenye pipa: inazifunga kuta zisiachane. Lakini ili ishike, inahitaji jino zima la kukumbatia, angalau milimita 2 juu ya ufizi, kuzunguka pande zote. Kwa hiyo muulize daktari wako kuta ngapi zimebaki na zina kimo gani. Jino la mbele lililotibiwa mzizi likiwa bado na kuta zake, mara nyingi halihitaji kofia. Gego lililopoteza ukuta linahitaji, na mapema.

Upande wa pili nao niuseme. Kofia ya mtu mzima haivishwi juu ya jino kama lilivyo. Jino linachongwa kuzunguka, kwa kawaida kati ya milimita 1 na 2 kutegemea aina ya kofia, na kilichochongwa hakirudi tena. Kwa jino ambalo tayari limedhoofika, hasara hiyo inakubalika. Kwa jino zima ambalo mwenyewe hapendi rangi yake tu, mimi nakataa. Nimewarudisha watu nyumbani kwa sababu hiyo, wengine wakaondoka wamenuna, na nitaendelea kuwarudisha.

Dhahabu, kauri au zirkonia?

"Dokta, nimepewa orodha ya kofia mpaka kichwa kinaniuma. Ya dhahabu, ya kauri juu ya chuma, ya zirkonia. Pia nimesikia zipo zinazotengenezwa siku hiyohiyo kwa kompyuta. Ipi ni imara?"

Zote ni imara zikiwekwa mahali pake. Dhahabu, ambayo kwa kweli ni mchanganyiko wa dhahabu na metali nyingine, inahitaji jino lichongwe kidogo kuliko kauri, haipasuki, na hailisagi jino inalokutana nalo. Kwa gego la nyuma kabisa lisiloonekana ukicheka, bado naipenda. Kauri juu ya chuma imetumika tangu miaka ya 1960 na imewahudumia watu vizuri, ila ganda la kauri huweza kumeguka, na ufizi ukirudi nyuma chuma huonekana kama mstari wa kijivu shingoni mwa jino. Mstari huo si uozo, watu wengi hunijia na hofu hiyo. Zirkonia, ambayo nayo ni aina ya kauri, ni ngumu sana, inafaa magego na watu wanaosaga meno usingizini, mradi daktari akiipunguza kidogo mdomoni aing'arishe tena. Ikiachwa na mikwaruzo, inalikwangua jino la upande wa pili kama msasa. Kwa meno ya mbele kuna kauri ya aina ya kioo inayopitisha mwanga karibu kama jino lenyewe.

Hizo za siku moja si jambo jipya kama linavyotangazwa. Mwaka 1985 huko Zürich, Uswisi, daktari wa meno Werner Mörmann, akishirikiana na mhandisi Marco Brandestini, alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa kipande cha kauri kilichochongwa na mashine pembeni ya kiti. Kamera ilipiga picha jino, mashine ikachonga. Vifaa vya leo ni bora mno kuliko vile, na havikulazimishi kung'ata ile sinia yenye udongo wa kupimia unaowatapisha wengine.

Lakini ukiniuliza mimi ningechagua nini kwanza, ningemchagua daktari anayeutazama ukingo, pale kofia inapokutana na jino. Kofia ya dhahabu yenye pengo kwenye ukingo ni mbaya kuliko kofia ya kawaida iliyokaa sawasawa. Na hapo ndipo barua inayofuata inanipeleka, nayo ndiyo niliyotaka kuijibu kuliko zote.

Si lina kofia? Litaozaje?

"Dokta, mume wangu anasema mimi napoteza muda kusafisha kwa uzi jino lenye kofia. Anasema limeshafunikwa, wadudu wataingilia wapi? Yeye anazo mbili na hazishughulikii. Nani ana haki?"

Wewe, mama. Na tafadhali mpe asome mwenyewe.

Kofia haiozi. Jino lililo chini yake linaoza, na mlango ni mmoja: ukingo, ule mstari unaozunguka jino pale kofia inapoishia na jino lake mwenyewe linapoanza. Hata kofia iliyotengenezwa kwa ustadi ina mshono hapo, umejazwa saruji nyembamba sana. Jicho halitauona, lakini bakteria ni wadogo kuliko mshono huo. Utando wao hujishika hapo, hula sukari unayokula wewe, na hutoa asidi. Enameli ngumu inayofunika jino huanza kuyeyuka asidi inapofikia pH ya 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali umepanda). Ila kwa mtu mwenye kofia, hasa ufizi ukisharudi nyuma, kinachokaa chini ya ukingo mara nyingi si enameli bali ni uso wa mzizi, na huo ni laini zaidi. Huanza kuyeyuka mapema, asidi ikiwa bado hafifu, karibu pH ya 6.5. Maana yake ni kwamba mahali pale panahitaji uangalizi kuliko jino ambalo halijaguswa kabisa.

Niwaeleze nilichokiona. Mama mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, alikuja kwa ajili ya jino jingine. Nilipopitisha ncha ya sondi kwenye ukingo wa kofia yake ya gego la juu, upande wa nyuma unaogusana na jirani yake, ncha ilizama. Haikukwama, ilizama. Hakuwa na maumivu kwa sababu jino lilishatibiwa mzizi. Nilipoikata na kuitoa kofia, harufu ilijaza chumba mpaka msaidizi wangu akafungua dirisha. Ndani, kisiki cha jino kilikuwa cha kahawia, chenye unyevu, na kijiko kidogo cha kukwangulia kilikizoa tabaka kwa tabaka kama kizibo cha chupa kilicholowa. Kofia niliyoishika kwenye kiganja ilikuwa nzima, inang'aa, kama siku ilipotoka maabara. Jino ndilo halikuwepo.

Kofia ile niliiweka mimi, miaka tisa kabla. Siku ile nilimpa kioo aione rangi, tukafurahi wote wawili. Ukingo sikumwonyesha. Tangu hapo hakuna mgonjwa wangu anayeondoka na kofia kabla hajauona ukingo wake na kuupitisha uzi mwenyewe mbele yangu.

Basi nanyi fanyeni hivi. Simama mbele ya kioo penye mwanga, vuta shavu kwa kidole, tafuta mahali kofia inapokutana na ufizi. Hapo ndipo nyuzi za mswaki zielekee: mswaki laini, umeinamishwa nusu kuelekea kwenye ufizi, ukisogezwa mwendo mfupi mfupi, si kusugua kwa nguvu kama anayesafisha sufuria. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala isikosekane. Dawa ya meno iwe na floridi, kwa mtu mzima ppm 1,350 hadi 1,500, imeandikwa kwenye boksi. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji, iache floridi ikae kwenye ukingo ifanye kazi.

Mswaki hauingii kati ya meno, na ukingo mwingi unaoharibika uko kati ya meno. Uzi ushushe taratibu, ukiuzungusha kwenye jino kama mkono unavyoshika nguzo, uuteremshe mpaka uingie kidogo chini ya ufizi, uupandishe na kuushusha mara kadhaa, kisha ufanye vivyo hivyo kwa jino la jirani. Penye nafasi pana, kibrashi kidogo cha kati ya meno kinashinda uzi. Ukiona damu siku za kwanza usiache. Ufizi uliovimba hutoka damu kwa sababu ya utando, na utando ukiondolewa kila siku, kwa kawaida damu hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea, nenda ukaonwe.

Dawa za mkaa na unga wowote wa kukwangua ziacheni. Zinauondoa mng'ao wa kauri, na uso uliokwaruzika hushika madoa na ugaga. Dawa za kung'arisha meno nazo hazibadilishi rangi ya kofia, kwa hiyo mtu akitaka meno meupe zaidi, ayang'arishe kwanza, kofia ifuate rangi hiyo.

Kuna kundi moja ninalolihofia hasa: watu waliokaukwa na mate kwa sababu ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za shinikizo la damu na za sonona. Mate ndiyo yanayopunguza ukali wa asidi. Mdomo ukiwa mkavu, ukingo unaweza kuharibika kwa kasi ya kutisha. Usiache dawa yako, ila mwambie daktari wa meno unaitumia. Na mkienda kuangaliwa, eksirei isidharauliwe. Haipenyi chuma wala zirkonia, lakini inaonyesha kingo zile za kati ya meno ambazo macho hayafiki.

Jino linagonga kwanza

"Nimewekewa kofia wiki iliyopita. Nikifunga mdomo naona jino hilo linagonga kabla ya mengine, na nikitafuna linauma. Nimeambiwa nitazoea."

Usizoee, rudi. Jino halikukaa kwenye mfupa kama msumari ukutani. Limening'inizwa kwa nyuzi ndogo zinazohisi kitu chembamba kuliko unywele. Ukihisi limezidi, basi limezidi. Siku ile ulikuwa na ganzi, ungejuaje kwamba hujafunga mdomo sawasawa? Daktari atakung'atisha karatasi ya rangi, atapunguza pale doa linapokolea, na utaondoka baada ya dakika chache. Ikiachwa, nyuzi hizo huvimba, na kofia yenyewe inaweza kupasuka.

Jambo tofauti ni maumivu yanayokuamsha usiku bila kugusa jino, au yanayochochewa na kinywaji cha moto na kuendelea dakika nzima baada ya kumeza. Hayo hutoka kwenye kiini cha jino. Mengine huanza hata miaka baada ya kofia kuwekwa. Hapo usingoje hata siku ya miadi.

Imetoka, nimeifunga kwenye karatasi

"Dokta, kofia yangu imetoka jana nikitafuna peremende. Sina nafasi ya kuonwa mpaka Ijumaa. Naweza kuigundisha kwa gundi ya haraka?"

Hapana, hapana kabisa. Gundi ile haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo, inauchoma ufizi, na ikiganda kofia ikiwa imekaa upande itabidi ikatwe, nawe utakuwa umeharibu kofia ambayo pengine ingerudishwa ileile.

Karatasi nayo ina hatari, watu huitupa wakidhani ni taka. Iweke kwenye kichupa chenye mfuniko. Itazame ndani: ukiona saruji tupu, habari ni njema, huenda saruji tu ndiyo imeachia. Ukiona kipande cha jino kimebaki ndani, jino limevunjika, na daktari aambiwe hivyo kwenye simu ili atenge muda wa kutosha. Baadhi ya famasi huuza saruji ya muda ya meno. Osha kofia, kausha jino, ijaribu kwanza bila kitu mpaka ujue inavyokaa, kisha weka saruji kidogo ndani na ung'ate taratibu. Isipokaa vizuri, iache kichupani. Na kama imekaa kwa kulegalega, itoe kabla ya kulala. Kuimeza si balaa kubwa, kwa kawaida hutoka yenyewe. Kuivuta ndani ya kifua ndiko kunakotisha. Mtu akipaliwa na kofia, kikohozi kikaendelea au pumzi ikabana, ni hospitali saa hiyohiyo.

Jino lililo wazi lisafishe kwa mswaki laini ingawa litashtuka kwa baridi. Na Ijumaa isigeuke mwezi ujao. Jirani zake huanza kuegemea pengo na jino linalokutana nalo hushuka, kisha kofia iliyokuwa yako inakataa kuingia.

Meno ya fedha ya mtoto

"Mwanangu wa miaka sita amewekewa kofia mbili za rangi ya fedha kwenye magego ya utoto, bila sindano wala kuchongwa. Ndugu wananicheka kwamba nimedanganywa, ati uozo umefungiwa ndani."

Hukudanganywa. Umefungiwa ndani kweli, na ndiyo tiba. Njia hiyo inaitwa kwa jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Uskoti aliyewatibu watoto kwa kuwavisha kofia za chuma kisichoshika kutu bila sindano na bila kuchonga. Bakteria waliofungiwa chini ya saruji hukosa sukari, na uozo husimama au kupungua kasi. Haimfai kila mtoto: jino lenye usaha au linalouma lenyewe linahitaji kitu kingine. Siku za mwanzo atasema meno hayakutani sawasawa, lakini watoto hujirekebisha ndani ya wiki chache. Kofia itang'oka pamoja na jino la utoto wakati wake ukifika, mara nyingi kati ya miaka 9 na 12. Msafishie mwenyewe kwa mswaki mpaka awe na miaka kama 7 au 8, maana mkono wa mtoto haufiki kule nyuma.

Itadumu miaka mingapi?

Hili limeulizwa na watu wengi kiasi kwamba sina barua moja ya kunukuu. Kofia nyingi huishi miaka 10 hadi 15, na nyingi hupita hapo. Wanaosaga meno usingizini wavae kinga ya meno ya usiku iliyopimwa kwa meno yao, na wote tuache kung'ata kalamu, barafu na vifuniko vya chupa.

Mimi mwenyewe ninayo, gego la chini upande wa kulia, huu ni mwaka wake wa 17. Mwezi uliopita nilimkalia mwenzangu kwenye kiti aniangalie. Alipita kimyakimya, kisha akasema ufizi unatoka damu mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa ndani, unaotazama ulimi. Napiga mswaki kwa mkono wa kulia, na pale kona ya mkono inakataa. Akanipa kioo na uzi, akasimama akinitazama nifanye, kama ninavyowafanyia wagonjwa wangu. Tangu siku hiyo, usiku, ninaanzia pale kabla sijagusa jino jingine lolote, na juzi nilipotema mate yalikuwa safi.